Kuanza chuo kabla hujamaliza sekondari: mwongozo kwa familia zetu zilizoko Marekani

Maswali ni yale yale kila mwaka, na mengi hufika yakiwa yamechelewa. Mama anauliza mwezi wa nane kama nafasi bado zipo. Kijana wa darasa la 12 anataka kujua imekuwaje mwenzake wa dawati moja anaingia chuo kikuu akiwa na krediti (vipimo vya kozi za chuo vinavyohesabiwa kuelekea digrii) za mwaka mzima. Baba anauliza kama kweli ni bure, au ni mlango mwingine wa kuingizwa kwenye mkopo. Nimeyajibu yote hapa, kwa mpangilio wa kufuata hatua moja baada ya nyingine.

Ni kweli, inawezekana, na katika majimbo mengi mwanafunzi wa shule ya umma halipi ada. Lakini shika hili kabla ya mengine yote: krediti ina thamani pale tu chuo utakachomalizia kinapoikubali. Wanafunzi wengi hukusanya kwanza, kisha huuliza baadaye. Sisi tutaanza kwa kuuliza.

Nakuandikia wewe mwanafunzi, hasa uliye darasa la 9, 10 au 11. Mzazi, soma pamoja naye, kwa sababu kuna fomu zinazohitaji saini yako.

Njia zilizopo

Digrii ya kwanza kwa kawaida ni krediti 120, na ile ya miaka miwili ya chuo cha jamii (community college) ni 60. Kozi moja huwa na krediti 3 au 4. Ukiwa bado sekondari unaweza kuzipata kwa njia tatu kuu.

Ya kwanza ni kusoma kozi ya chuo yenyewe. Kwenye makaratasi ya shule utaona imeandikwa "dual enrollment" au "concurrent enrollment", na kila jimbo lina jina lake. Minnesota ni PSEO, mpango ulioanza mwaka 1985. Ohio ni College Credit Plus, na Washington ni Running Start. Unasoma kozi chuoni, mtandaoni, au shuleni kwako na mwalimu aliyeidhinishwa na chuo. Ukifaulu, kozi hiyo inahesabiwa sekondari na chuoni pia.

Ya pili ni Advanced Placement, ambayo wote huiita AP. Unasoma somo shuleni kwako mwaka mzima, kisha mwezi wa Mei unafanya mtihani wa College Board, shirika la mitihani, unaosahihishwa kwa alama 1 hadi 5. Ya tatu ni CLEP, mitihani ya College Board pia, lakini hii haikudai usome darasa lolote. Unajiandaa mwenyewe, unakwenda kituo cha mtihani, na matokeo ya mitihani mingi unayaona papo hapo.

Kama unajituma lakini mtihani mmoja mrefu wa Kiingereza unakutisha, chukua kozi ya chuo. Alama zako zitatokana na kazi za muhula mzima, si asubuhi moja. Kama nyumbani hakuna gari na chuo kiko mbali, AP inakufuata pale pale shuleni. CLEP inamfaa mtu ambaye tayari anajua kitu, na watoto wetu wengi wanajua kitu ambacho hawajawahi kukihesabu. Nitalirudia hili kwenye hatua ya 6.

Uwe na hivi kabla ya kuanza

- Transkripti (rekodi rasmi ya kozi na alama zako) ya sekondari ya hivi karibuni. Iombe kwa kaunsela, yaani mshauri wa wanafunzi shuleni, au ofisi ya shule.
- Barua pepe yako binafsi, si ile ya shule, maana ya shule hufungwa ukihitimu.
- Jina lililoandikwa sawasawa kila mahali. Familia zilizopitia kambi za wakimbizi mara nyingi zina majina yaliyogeuzwa au tarehe ya kuzaliwa ya 1 Januari. Tumia lile lililo kwenye hati zako za sasa, na usilibadilishe kutoka fomu hadi fomu.
- Uthibitisho wa chakula cha bure au cha bei nafuu shuleni, kama familia inastahili. Unapunguza ada nyingi.
- Muda. Kozi ya krediti 3 hukaa darasani kama saa 3 kwa wiki, na chuo kinategemea ujisomee saa 6 nyingine. Kama unafanya kazi jioni au unalea wadogo zako, piga hesabu hiyo kwa ukweli.

Hatua kwa hatua

1. Anza na chuo cha mwisho. Andika vyuo viwili au vitatu unavyofikiria kumalizia, hata kama hujaamua. Angalau kimoja kiwe chuo kikuu cha umma cha jimbo lako. Ingia kwenye tovuti ya kila kimoja utafute ukurasa wa kuhamisha krediti na ukurasa wa AP na CLEP. College Board ina sehemu ya kutafuta sera ya AP ya kila chuo, na tovuti ya Transferology inaonyesha kozi ya chuo kimoja inahesabiwaje kwenye kingine.

Tofauti ni kubwa. Vyuo vya umma vya Ohio na vya Illinois vinatoa krediti kwa AP kuanzia alama 3. Vyuo binafsi vyenye ushindani mkali hutaka 4 au 5, na vingine havitoi kabisa: Dartmouth iliacha kutoa krediti za AP kwa wanafunzi walioingia kuanzia 2014. Kozi za chuo cha jamii kwa kawaida huhamia vizuri ndani ya jimbo hilo hilo, lakini ukivuka mpaka wa jimbo hakuna ahadi.

Angalia pia krediti itaingia *kama nini*. Chuo kinaweza kuipokea lakini kikaiweka kwenye kapu la kozi za hiari, wakati wewe ulitaka ifute hisabati ya mwaka wa kwanza. Ukiulizia "mnaikubali?" utajibiwa ndiyo. Uliza "inachukua nafasi ya kozi gani?"

2. Muone kaunsela mapema, Januari au Februari. Ratiba ya mwaka ujao hupangwa miezi hiyo. Mwandikie barua pepe fupi uombe miadi, na ukifika uliza maswali haya: Mpango wa jimbo letu unaitwaje? Nani analipa ada, vitabu na usafiri? Tarehe ya mwisho ya notisi, yaani kutangaza nia ya kushiriki, ni lini? Kozi zipi zitahesabiwa kwenye masharti ya kuhitimu sekondari? Andika majibu. Ukirudi nyumbani mtumie barua pepe ya shukrani yenye yale mliyokubaliana, ili yabaki kwa maandishi.

Mzazi, una haki ya mkalimani kwenye kikao hicho bila malipo, na kumpata ni jukumu la shule. Usimfanye mtoto awe mkalimani wa mambo yake mwenyewe.

3. Wahi tarehe ya notisi. Hapa ndipo wengi hukosa mwaka mzima. Majimbo mengine yanataka familia itangaze nia kwa maandishi miezi kadhaa kabla. Ohio ni 1 Aprili. Minnesota ni 30 Mei kwa muhula wa vuli. Kutangaza nia hakukufungi, kwa hiyo kama una wazo tu, jaza fomu. AP nayo ina mtego wake: mtihani ni wa Mei, lakini shule huagiza mitihani ya kozi za mwaka mzima mwezi wa Novemba, na ukichelewa unaongezewa faini.

4. Omba nafasi chuoni na ujipime. Kwa kozi za chuo utajaza maombi kwenye tovuti ya chuo, ukichagua sehemu ya wanafunzi wa sekondari. Usijaze ile ya kawaida, itakuzungusha. Vyuo vingine vinaridhika na GPA yako (wastani wa alama zako za sekondari). Vingine vinakupa mtihani wa kupima kiwango, mara nyingi ACCUPLACER. Mtihani huo hauna saa ya kukukimbiza, na maswali huwa magumu au mepesi kulingana na unavyojibu. Watu huukimbilia bila kujiandaa kwa kuwa wameambiwa "huwezi kufeli". Kweli hufeli, ila alama ndogo inakufungia kozi. Kuna mazoezi ya bure kwenye tovuti ya College Board. Yafanye kwa wiki mbili kabla, hasa ya hisabati uliyosahau.

Kaunsela wa masomo akikupeleka kwenye mtihani wa wanaojifunza Kiingereza kwa sababu ya jina lako au lafudhi yako, na wewe umesoma hapa tangu msingi, uliza kwa heshima kwa nini, na uombe ule wa kawaida.

5. Chagua kozi mbili, si tano. Muhula wa kwanza chukua kozi moja au mbili. Zile zinazohamia kirahisi ni za msingi zinazotakiwa na karibu kila digrii: uandishi wa Kiingereza wa mwaka wa kwanza, takwimu au aljebra ya chuo, utangulizi wa saikolojia au sosholojia, historia ya Marekani, kuongea mbele ya watu. Kozi yenye jina la kuvutia sana lakini isiyo ya msingi huwa ndiyo inayokataliwa.

Wanaotaka uuguzi, na kwetu ni wengi, wawe waangalifu zaidi. Programu nyingi za uuguzi zinataka biolojia, kemia na anatomia zenye maabara na alama za juu, na nyingine zinaweka kikomo cha miaka kwa kozi za sayansi. Kuchukua anatomia ukiwa na miaka 16 na kupata C kunaweza kukugharimu kiti baadaye. Anza na saikolojia na takwimu, ambazo uuguzi pia unazitaka, na sayansi uziguse ukiwa umezoea mwendo wa chuo.

6. Hesabu lugha zako. Hili nalisema kwa msisitizo, maana naliona likipotea kila mwaka. Mtoto aliyesoma Kifaransa Kongo au Burundi ana krediti ambazo hajazichukua. CLEP ina mtihani wa Kifaransa, na mapendekezo rasmi ni krediti 6 kwa alama 50, na zaidi ya hapo ukifika alama 59. Kuna AP ya Kifaransa pia. Mtihani wa CLEP una kusikiliza na kusoma, kwa hiyo aliyekuwa anazungumza tu bila kusoma arudie sarufi na msamiati wa maandishi kwanza.

Kiswahili hakimo kwenye AP wala CLEP. Lakini majimbo karibu yote yana muhuri wa lugha mbili (Seal of Biliteracy) unaowekwa kwenye cheti cha kuhitimu, na Kiswahili kinaweza kupimwa kwa mitihani ya ustadi kama ile ya ACTFL, shirika la walimu wa lugha. Minnesota imekwenda mbali zaidi: mwanafunzi aliyepata muhuri huo anaweza kuomba krediti za lugha kwenye vyuo vya mfumo wa Minnesota State. Kwenye majimbo mengine, uliza chuo unachokwenda kama kinatoa krediti au kinakusamehe sharti la lugha ya kigeni. Kusamehewa tu ni mihula kadhaa uliyookoa.

CLEP inagharimu chini kidogo ya dola 100, pamoja na ada ya kituo. Shirika la Modern States lina kozi za bure mtandaoni, na ukimaliza kozi unaweza kuomba vocha ya kulipia mtihani. AP nayo ni karibu dola 100, na familia yenye kipato kidogo inapata punguzo. Majimbo mengine yanalipa yote. Mwombe msimamizi wa AP shuleni punguzo hilo *wakati wa kuagiza*, si baada ya kulipa.

7. Zilinde wiki mbili za kwanza. Siku ya kwanza mhadhiri atatoa silabasi, yaani mpango wa kozi wenye kazi na tarehe zake. Isome yote, hamisha kila tarehe kwenye simu yako. Hakuna atakayekukumbusha. Ingia kwenye barua pepe ya chuo kila siku, kwa sababu kila tangazo linakwenda huko. Na ujue tarehe mbili: ya mwisho ya kuacha kozi bila alama yoyote kubaki, ambayo huwa ndani ya wiki ya kwanza au ya pili, na ya mwisho ya kujitoa kwa kuandikiwa W (alama ya kwamba ulijitoa). Ukihisi umezidiwa, amua kabla ya ile ya kwanza.

Nenda ofisini kwa mhadhiri saa zake za kupokea wanafunzi, hata kama huna shida. Sisi tumelelewa kutomsumbua mwalimu. Hapa kumtembelea kunahesabiwa kuwa bidii, na ndiye atakayekuandikia barua ya mapendekezo.

8. Tuma matokeo mwenyewe. Krediti hazihamii zenyewe. Ukihitimu, agiza transkripti rasmi kutoka *chuo* ulichosomea, tofauti na ile ya sekondari, itumwe kwenye chuo unachokwenda. Alama za AP hutoka Julai, na unaweza kutuma bure kwa chuo kimoja kila mwaka ukikichagua kabla ya tarehe ya Juni waliyoitangaza. Baada ya wiki chache, ingia kwenye akaunti ya chuo kipya uhakikishe zimeingia kama ulivyotarajia. Fanya hivyo kabla ya kukutana na mshauri wa masomo, la sivyo atakuandikisha upya kozi uliyokwisha kufaulu.

Makosa ya kuepuka

Kubwa kuliko yote ni kudhani ni majaribio. Alama ya kozi ya chuo unayoipata ukiwa na miaka 16 inabaki kwenye transkripti yako ya chuo maisha yako yote. Vyuo vinapopima kama unastahili kuendelea kupata msaada wa kifedha huangalia krediti ulizojaribu dhidi ya ulizomaliza, na F au W za sekondari zinaweza kuingia kwenye hesabu hiyo. Ohio, ukifeli kozi, wilaya ya shule inaweza kuidai familia fedha zake, isipokuwa familia yenye kipato kidogo. AP na CLEP ni tofauti: ukipata alama ndogo, hulazimiki kuituma popote.

Usichukue D ukafurahi kwamba umefaulu. Vyuo vingi havipokei kozi iliyo chini ya C.

Usilipe kampuni yoyote inayokupigia simu kukuahidi krediti za haraka. Kama chuo hakijaidhinishwa na chombo kinachotambuliwa na Wizara ya Elimu ya Marekani, fedha zako zimekwenda.

Na usiache kujaza FAFSA, fomu ya serikali kuu ya kuomba msaada wa kifedha wa chuo, ukifika darasa la 12. Pell Grant, ruzuku ya serikali kuu kwa wanafunzi wenye kipato kidogo, hailipii kozi za mwanafunzi ambaye hajahitimu sekondari, isipokuwa kwa nadra, kwa hiyo krediti ulizopata bure hazijapunguza ruzuku hiyo.

Mambo yakikwama

*Kaunsela anasema "wewe bado".* Uliza ni sharti gani hujalitimiza, na uombe uonyeshwe kwa maandishi. Mara nyingi mpango ni wa sheria ya jimbo na masharti yako wazi kwenye tovuti ya idara ya elimu ya jimbo. Wasiliana pia na ofisi ya chuo inayoshughulikia wanafunzi wa sekondari. Huko ndiko wanakokutaka.

*Alama ya mtihani wa kujipima haikutosha.* Uliza ni lini unaruhusiwa kurudia, na kama GPA au alama za ACT (mtihani wa kuingia chuo) zinaweza kutumika badala yake. Wakati unasubiri, chukua kozi ambayo haina sharti hilo.

*Hakuna usafiri.* Uliza kozi za mtandaoni au zile zinazofundishwa shuleni kwako. Minnesota inarudisha gharama za safari kwa familia zenye kipato kidogo. Sehemu nyingi kitambulisho cha chuo kinakupa basi bure au kwa bei nafuu.

*Mzazi amepiga simu chuoni, wamekataa kumwambia kitu.* Hawakumdharau. FERPA, sheria ya faragha ya rekodi za wanafunzi, inampa mwanafunzi wa chuo haki ya rekodi zake hata akiwa chini ya miaka 18. Mwanafunzi asaini fomu ya ruhusa kwenye ofisi ya usajili, na kaeni mkubaliane nyumbani nani ataangalia alama na lini.

*Muhula umefika katikati na unazama.* Nenda kwa mhadhiri wiki hii, umuulize hasa ni alama gani bado inawezekana. Nenda kituo cha kusaidia uandishi au hisabati, ni bure. Kama hesabu inaonyesha C haifikiki, zungumza na kaunsela na chuo kabla ya tarehe ya kujitoa. W moja inavumilika kuliko F. Ila Ohio, kujitoa kwenye kozi mbili muhula mmoja kunakuweka kwenye uangalizi, na majimbo mengine yana kanuni zao, hivyo uliza kabla ya kubonyeza kitufe.

*Chuo kipya kimekataa kozi yako.* Usikubali mara ya kwanza. Mtafute mkuu wa idara husika, mpelekee silabasi, orodha ya vitabu na kazi ulizofanya, uombe wapitie upya. Ndiyo maana kila silabasi uihifadhi kwenye barua pepe yako binafsi tangu siku unayopewa.